Mgeni Dhidi ya Kiejo

Iyunga, Mbeya
4 Februari 2024

Mwanangu Tumpe,

Hujambo, na wateja wa cherehani hapo Kihesa wanakulipa? Sisi wazima, isipokuwa mama yako na magoti yake, na mimi na hasira zangu.

Mama yako kaniambia umemwona mdogo wako Anord. Namuuliza umemwona wapi, anasema si yeye, ni jina lake tu, kwenye mchezo wa simu wa Wajapani wanene wanaosukumana wakiwa na mawinda. Tangu Novemba namtafuta mtoto huyu mpaka Tunduma, namba haipatikani, kumbe yeye anacheza? Nieleze vizuri. Na kama ni kamari usinifiche, mimi ni mzee wa kanisa.

Baba yako

Iringa
11 Februari 2024

Baba, shikamoo. Mpe mama pole, nitamtumia dawa ya kuchua.

Si kamari, hakuna hata shilingi. Ule mchezo unaitwa sumo. Kila baada ya miezi miwili wana mashindano ya siku kumi na tano. Sisi mashabiki kila siku tunabashiri nani atamwangusha nani, na mtandao unakupangia mpinzani wako wa siku hiyo. Aliyepatia zaidi kashinda. Ukishinda siku nane unabaki daraja lako au unapanda, ukipungukiwa unashuka. Mimi na Anord tunacheza tangu yuko sekondari. Humo anaitwa Kiejo, kama mlima wa kwa babu. Januari alibashiri kila siku. Nilimwandikia, hakujibu. Ila mtu anayebashiri kila siku ni mzima.

Kwa nini aliondoka unajua. Alidhani ile kazi ya ghalani kaipata mwenyewe, mpaka bosi alipowatangazia wenzake wote kwamba wewe ulimfuata kwake na jogoo mkononi ukampigia magoti. Na bado hujasema kwamba ulikosea.

Mwanao, Tumpe

Iyunga
2 Juni 2024

Mwanangu Tumpe,

Salamu nyingi. Mvua zimekatika, barabara kuu ni vumbi tupu, lakini kazi ya kuchomelea mageti ipo, Mungu asifiwe.

Usicheke. Nimejiunga. Naitwa Mgeni. Machi nilipigwa na Mbrazili, nikapigwa na bibi mmoja wa Finland, nikatamani kutupa simu. Mama yako aliniambia chagua wenye matumbo makubwa, nikamsikiliza, tukaangamia wote wawili. Mei nimechagua wenye hasira na nimepanda daraja mara moja.

Mchana matokeo yakitoka mama yako anaacha sufuria jikoni anakuja kuniuliza, yupo? Namwambia yupo. Basi anarudi kupika. Hayo ndiyo maisha yetu sasa.

Kuhusu kukosea: baba kumwombea mwanawe kazi imekuwa kosa tangu lini?

Baba yako

Iringa
5 Agosti 2024

Shikamoo baba. Hapa baridi kali, ila tunadunda.

Matokeo ya Julai umeyaona. Wewe umepanda tena, Anord kashuka. Septemba mtakuwa daraja moja na mtandao unaweza kuwakutanisha. Wenye bendera ya Tanzania humo tuko watatu tu, na yeye hajui Mgeni ni nani. Nakuomba kwa heshima zote, mcheze kama unavyowacheza wengine. Usimwandikie, usimfanyie lolote. Hatuna habari yake nyingine zaidi ya hii, na akikasirika akatoka, hatutajua hata kama yuko hai.

Mwanao, Tumpe

Iyunga
23 Septemba 2024

Mwanangu Tumpe, u mzima?

Jana, siku ya mwisho, tumepangwa mimi na yeye. Alikuwa ameshinda saba, ameshindwa saba. Angepoteza ile moja angeshuka tena. Mimi nilishatimiza zangu. Basi nikajaza kinyume. Kila ambaye najua atashinda nimeandika atashindwa, hata bingwa mwenyewe. Nimekosa yote. Anord amebaki daraja lake na mama yako amepiga vigelegele.

Najua ulinikataza. Lakini ungekuwa na mtoto anaanguka mbele yako ungeweka mikono mfukoni?

Baba yako

Iringa
30 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Anord ameniandikia. Miezi yote hii kimya, leo mistari miwili: “Huyo Mgeni ni mzee. Duniani hakuna mwingine wa kuniachia hivi. Mwambie nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja cha kwangu.” Kisha akanizuia nisimwandikie tena.

Nimekasirika, baba, siwezi kukuficha. Nilikuomba. Sasa sijui kama Novemba atakuwepo. Akiwepo na mkakutana, mpige. Mpige kama vile ni yule Mbrazili.

Tumpe

Iyunga
25 Novemba 2024

Mwanangu,

Nilikosea.

Siku mbili za kwanza hakubashiri, mama yako hakula. Siku ya tatu jina likatokea. Wiki ya mwisho tukapangwa. Asubuhi nzima nilikaa na yale majina ya wapiganaji, mteja akasubiri geti lake mpaka akaondoka. Nilichagua kwa akili zangu zote. Nimempiga nane kwa tano, na matokeo ya mwisho yametoka leo: Kiejo ameshuka, na ushindi uliompungukia ni ule mmoja niliomnyima mimi.

Mama yako haniongeleshi. Nililia, Tumpe. Yule bosi nilimpigia magoti kwa sababu niliogopa Anord hataweza. Mwaka mzima nimemtazama anashinda na kushindwa peke yake, na kesho yake anarudi. Uoga ulikuwa wangu.

Kama hatarudi tena humo, nani atamwambia kwamba nilimpiga kwa haki?

Baba yako

Madibira
8 Desemba 2024

Shikamoo baba,

Natumaini wewe na mama hamjambo. Mimi mzima. Oktoba malaria ilinilaza, nimepona.

Nane kwa tano. Niliyapitia yale uliyobashiri jina kwa jina, natafuta mahali uliponiachia. Sikupaona.

Niko huku kwenye skimu ya mpunga, naendesha pawatila ya mtu, kile kitrekta cha kushika kwa mikono, tunalima majaruba. Kazi niliitafuta mwenyewe, nikakataliwa mara mbili, ya tatu nikapewa. Mwambie mama aache kulia. Wakati wa kuvuna mje wote wawili.

Ila baba, ukifika, tajiri wangu utampa mkono, utamsalimia kama unavyosalimia mtu yeyote, kisha utakaa kimya.

Mwanao, Anord