Nilivyomtafutia Pazia Mwenzake

Dada yangu mpendwa,

Na ndiyo, yu hai. Najua hilo ndilo swali ulilokuwa nalo mdomoni juzi kwenye simu, nami nikasingizia mtandao. Pazia yu hai, anakula, na asubuhi hii amekifuata kidole changu kioo kizima. Sasa naweza kukusalimu kwa utulivu: shikamoo, dada. Mgongo unaendeleaje? Cherehani bado inakata uzi? Sisi hatujambo kabisa, na hiyo “sisi” isome polepole, maana huu ni mwezi wa pili wa ndoa na bado nikiandika “mume wangu” nainua kalamu nilitazame neno.

Tangi tuliliweka kama ulivyoagiza, juu ya kabati fupi la sebuleni, mbali na jua la dirishani. Maji tunayaacha kwenye ndoo siku nzima ili dawa ya bombani itoke. Kipasha maji kinashika nyuzi ishirini na sita, chujio la sifongo linatoa mapovu yake taratibu, na kifuniko hakibanduki kwa sababu ulisema anaruka. Kila Jumapili natoa robo ya maji na kurudisha robo. Chakula ni punje nne, na mume wangu akitaka kuongeza ya tano namwambia tumbo la samaki beta kama yeye halizidi jicho lake, hayo ni maneno ya dada. Hujibu kwamba ameoa dada wawili kwa mahari moja.

Kosa ni langu peke yangu. Siku ya harusi ulipotukabidhi Pazia, baada ya kukaa naye mwaka mzima kando ya cherehani yako, uliniambia nisimwonee huruma. Kwamba samaki wa aina yake hukaa peke yake na hupenda hivyo. Nilisikia, lakini mtu mwenye furaha masikio yake hujaa pamba. Kila jioni mimi na mwenzangu tunakaa kwenye kochi, miguu imesokotana kama uzi wako, na yule maskini anazunguka peke yake na mapezi yake mazuri. Moyo ukaniuma. Nikaenda kumnunulia mke.

Muuza samaki aliniuliza kama nina tangi la pili. Nilimwambia langu lina nafasi tele. Akacheka, akasema haya, bibi harusi, akanifungia jike dogo la kijivu kwenye mfuko wa maji.

Nilimtia Jumamosi asubuhi. Pazia akatunisha mashavu, akakunjua mapezi yote, na mimi nikapiga kelele kumwita mume wangu aje amwone bwana anavyojipamba. Akaja na mswaki mdomoni, akapiga makofi. Tukaenda kunywa chai tumeshikana mikono, wajinga wawili. Tuliporudi, jike alikuwa amejibana nyuma ya chujio, mkia umechanika, na Pazia naye ameng’atwa. Vipande vya mapezi vinaelea kama nyuzi chini ya meza yako. Nililia, dada. Mume wangu alimtoa jike kwa kikombe, akamweka kwenye ndoo, kisha akakata vioo vilivyobaki kazini kwao, kwenye karakana ya madirisha, na kumjengea tangi lake. Katikati ya matangi mawili tumesimamisha kadibodi wasionane. Wiki hizi tatu, badala ya kungoja Jumapili, nimebadilisha maji kidogo kidogo kila siku, na mapezi yanaota upya, ukingo mwembamba unaopenya mwanga.

Siku ile, akiwa bado na mikono iliyolowa, mume wangu aliniuliza bila ukali kama nilikuwa nimemwona Pazia akilalamika. Hapo hapo nilikufikiria wewe.

Dada, yule mteja aliyekuja mara tatu kubadilisha rangi ya mapazia, rangi anazijua, alikuwa akija kukuona wewe. Ni mpimaji wa madirisha anayefanya kazi na mume wangu, amefiwa na mkewe, na nilimtuma mimi. Nilimwambia kwamba unaumia kwa upweke na kwamba umeniomba nikutafutie mtu. Hujawahi kuniomba. Hata siku moja sijakukuta ukilalamika. Nimekukuta ukishona, redio imewashwa, unaimba vibaya. Mume wangu hakujua lolote mpaka Jumamosi ile.

Jumatatu iliyofuata nilimfuata yule bwana kazini kwake nikamweleza ukweli wote. Aliona aibu kunizidi. Ameniomba nikufikishie samahani yake, na anasema mapazia anayahitaji kweli, maana nyumba yake inaangaliwa na mtaa mzima. Amechagua ya kijani na habadilishi tena. Ukitaka kumshonea, mshonee, ukikataa, ataelewa. Na ukinikasirikia mimi, nitaelewa pia, ila usinyamaze muda mrefu, unajua siwezi.

Mume wangu anakusalimu sana, na anasema atakukatia kioo cha meza yako ya kukatia vitambaa, ukitaka. Amesisitiza niandike “ukitaka”.

Nitakuja kukuona kabla mwezi huu haujaisha. Sitaleta mgeni yeyote. Nikikukuta katikati ya mshono nitakaa kwenye kile kigoda cha mlangoni, nitafunga mdomo, nikusubiri umalize.

Mdogo wako,
Chiriku