Pale Tulipoacha Bila Kibao

S.L.P. 31,
Busia.
18 Septemba 1977

Mpendwa kaka Ogola,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi tu wazima, na mvua imetuachia mahindi ya kutosha. Wewe je, na kifua chako, huko Glasgow kwenye barafu? Kula vizuri, maana kwenye ile picha umebaki shingo tu.

Umeniuliza mara mbili kama fundi Okiror amemaliza sakafu ya chumba cha mama. Nilikuwa nakukwepa. Leo nakujibu.

Ule waya wa stima uliotuma ulifika salama. Watu walinicheka sana: Busia hii na joto lake, nani apashe sakafu moto? Lakini wajua mama alianza kutetemeka siku ile tulipozika tunda la mti wa yago, kama desturi yetu, badala ya mwili wa ndugu yetu Vitalis, kwa kuwa alivuka Malaba kuingia Uganda na lori lake, hakurudi, na mwili haukuonekana. Daktari hakuona ugonjwa wowote. Ndipo mama akataka chumba chake kijengwe juu ya kaburi lile. Wazee walinung'unika mpaka wakachoka.

Vibao vya kutandika chini ya waya, ili joto lisipotelee ardhini, vilitusumbua. Vile vyeupe vyepesi vilibonyea Okiror alipovikanyaga kwa kisigino. Vya dari vilinywa maji. Mwishowe tukapata vya gome, kama vizibo vya chupa, kutoka stoo ya barafu iliyobomolewa Sio Port. Vinanuka samaki mpaka leo, lakini ni imara.

Okiror alivipanga vyote isipokuwa kimoja. Mama alisimama juu ya kaburi akasema, "Hapa usizibe, fundi." Okiror akamweleza kwa adabu kwamba joto litashuka lote udongoni. Mama akajibu, "Lishuke, mwanangu." Saruji ikamwagwa hivyo, ikakauka, na Ijumaa Kuu tukawasha.

Mama aliacha kutetemeka siku hiyohiyo. Ila pale pasipo na kibao palibaki baridi, sakafu nyingine yote ikiwa moto. Niliogopa, sikumwambia mtu.

Sasa keti, kaka. Vitalis amerudi. Yuko hai. Alitembea kutoka mpakani kwa miguu yake, akatukuta tukitoka kanisani. Najua utanigombeza kwamba sikuanza na hili, lakini usingeelewa yanayofuata.

Anasema yeye na wenzake walifungiwa na askari huko Uganda, ndani ya chumba chenye maji sakafuni. Halafu, kuanzia Ijumaa Kuu, sehemu moja ya ile sakafu, ndefu kama mtu aliyelala, ikakauka na kupata joto. Askari waliimwagia maji, ikakauka tena. Waliopigwa sana ndio waliolazwa pale, wengine wakapokezana. Nilikuwa bado sijamwambia neno juu ya waya wako.

Wazee wamekuja kufukua tunda, maana si vizuri mtu hai kuwa na kaburi nyumbani kwake. Vitalis amekataa katakata. Wenzake wanne bado wako kule, na mmoja ni Callistus, utingo wake, yule mwenye mapacha. Okiror naye amejitolea kuvunja saruji na kuziba lile pengo, kwani anaona tunapasha udongo bure. Mama amemfukuza kwa ufagio.

Juzi stima ilikatika Busia nzima tangu asubuhi. Vitalis alivua shati akalala pale kifudifudi, kifua juu ya saruji. Mama akajilaza kando yake. Mimi nilisimama mlangoni, kisha nikavua sweta, nikalala nao. Baridi ilitupanda mpaka mifupani, kaka, na hakuna aliyeinuka mpaka taa zikawaka.

Kwa hiyo tafadhali usiniulize tena habari ya kibao cha mwisho.

Mama na Vitalis wanakusalimu, na shangazi Phelister pia. Msalimie wifi Benedetta. Mungu akujalie mahali pakavu pa kulala, wewe na wote wasio napo.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Milka Auma