Pedali ya Tatu

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa wakwe zangu.
Jumapili, tarehe nane.

Mpendwa dada yangu mkubwa,

Kabla ya yote, hujambo huko uliko? Na shemeji mguu wake umepoa, au bado anatembea kama meza mbovu? Watoto je? Waambie mjomba wao mzima, anakula anashiba, tena anashibishwa. Ila anwani hapo juu umeiona. Usicheke kwanza. Cheka ukimaliza kusoma.

Unalikumbuka lile gari la stesheni wagoni wifi yako analopelekea mayai madukani? Giaboksi yake ya otomatiki ilikufa. Mimi unanijua, mkono hautulii. Wifi yako alikuwa amekwenda kumuuguza shangazi yake, nami nikapata kwa muuza vyuma chakavu giaboksi ya gia za mkono, nzima kabisa. Nikasema namfanyia mke wangu sapraizi. Nikafunga klachi, nikatoboa sakafu, nikaweka na pedali yake.

Sapraizi akaipata kweli. Alirudi, akafungua mlango wa gari, akainama kutazama chini.

"Hii pedali ya tatu ya nani?"

"Ya klachi, mama."

"Na mimi nina miguu mingapi?"

Nikacheka peke yangu. Wifi yako alikuwa hajawahi kuendesha gari la klachi maisha yake. Basi tangu hapo dereva nikawa mimi. Akitaka kwenda kwa wateja lazima anisubiri, nami nina mishemishe zangu, nikisema nakuja asubuhi nafika alasiri. Na gari likiondoka linaruka kama chura, trei za mayai huko nyuma zinageuka uji. Siku moja alinisubiri kutwa, mteja wake mkubwa akaenda kununua kwa mtu mwingine. Kurudi nyumbani nikakuta wifi yako amefungasha, amekwenda kwao.

Nikamfuata na gari lenyewe, nimeliosha linang'aa. Kuingia getini nikakanyaga klachi mpaka mwisho. Gari, dada, likaendelea kutembea! Nikashika breki, likarukaruka, likampita baba mkwe, likaenda kugonga pipa la maji la mama mkwe ndipo likazima. Maji yakanifuata mpaka ndani ya viatu.

Baba mkwe hakupiga kelele. Alikwenda taratibu akafunga geti.

"Mwanangu, gari hili halitoki hapa mpaka lijifunze kusimama. Na wewe ukitoka kwa miguu bila mkeo, usirudi tena kumwulizia."

Basi nikanasa. Dada, kulala chini ya gari ukweni ni adhabu. Mama mkwe akipita naona miguu tu, namwamkia shikamoo kutoka uvunguni, naye anaitikia akitazama mawinguni. Mashemeji wanaleta viti kuja kuangalia kama sinema. Nilidhani ni hewa kwenye mafuta ya klachi, nikaitoa, wapi! Nikabadilisha pampu ya chini inayosukuma klachi, wapi! Injini ikizimwa gia zinaingia laini kabisa. Ikiwashwa, zinalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Hapo nikajua kuna kitu kinaizungusha shafti ya giaboksi hata klachi ikikanyagwa.

Nikashusha giaboksi yote. Pale injini inapoishia, katikati, kuna tundu. Ncha ya shafti inakaa humo, ndani ya beringi ndogo. Nikaingiza kidole, kikaingia chote. Beringi hakuna! Otomatiki haina haja nayo, kwa hiyo kiwandani haikuwekwa, na mimi kwa haraka zangu za sapraizi nilifunga hivyo hivyo. Shafti ilikuwa inayumba kama mlevi, inang'ang'ania pleti ya klachi, klachi haiachii. Nikaagiza beringi, nikaigonga taratibu mpaka ikakaa. Kuwasha tu, gia ya kwanza ikaingia hata sikuisikia. Nikapiga honi mtaa mzima ukajua.

Wifi yako akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Shuka. Nifundishe."

Uani palepale, mbele nyuma, mbele nyuma. Likazima, likaruka, mama mkwe akahamisha pipa lake.

"Achia polepole, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Niite dereva."

Na dereva akawa. Alipoiweza klachi akapakia trei zake, baba yake akamfungulia geti. Nikazunguka niingie kiti cha pembeni, nikasikia mlango umebanwa kwa ndani.

"Wewe baki. Mimi nimekungoja vya kutosha, ngoja na wewe uone utamu wake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nije kukuchukua. Kama nitakuja."

Akaondoka. Gari analo, ufunguo wa nyumba anao, na nasikia wateja wameanza kurudi. Mimi nikitoka kwa miguu, neno la baba mkwe umelisikia. Nimebaki natengeneza bawaba za milango na cherehani za majirani. Gari likipita nje, nasimama.

Leo asubuhi nimelisikia lenyewe. Mlio wake siukosei. Likapunguza mwendo karibu na geti, nikachomeka shati haraka haraka. Halafu gia ya pili, ya tatu, ya nne, likaenda zake. Hata hakukwaruza, dada. Sikujua nifurahi kama fundi au nilie kama mume.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe anakusikiliza. Mpigie. Mwambie gari ni lake, sitalitia spana tena bila kumwuliza. Na kama kuja kunichukua ni kazi, aseme tu neno kwa baba yake, nitakwenda kwa miguu, hata bila viatu.

Nisalimie shemeji na mguu wake, mama mdogo, na wale pacha watundu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, awape riziki isiyo na makelele.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayechungulia geti,

Fundi Cheko