Jiko Letu Ni Moja, Sufuria Ni Mbili

Dada Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, na tafadhali usinisome redioni kwa ile sauti unayowasomea wanaume wenye wake wawili, maana mimi mke ninaye mmoja na ananitosha, tena ananizidi. Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, mpanga maboksi ghalani hapa Ohio, na kule kambi ya wakimbizi Nepal, kabla hatujaletwa Marekani, nilikuwa nikifundisha Kiingereza darasa la tatu, kwa hiyo tangu tufike huku kila mwenye barua, kila mwenye simu, kila mwenye jino linalouma huletwa kwangu nimsemee, nami huvaa koti nikaenda nimevimba kama andazi, na uvimbe huo ndio ulioniponza.

Naishi na mama yangu mzazi, ambaye tangu baba afariki amejiwekea nadhiri, hali kitunguu, hali saumu, hali nyama wala yai, wala hatii mdomoni kilichopikwa na mkono wa mwingine. Ana sufuria yake, ana mwiko wake, ana rafu yake kwenye friji ambayo galoni yetu ya maziwa ikiigusa basi rafu huoshwa yote, na mchele wake, dengu zake na samli yake alikuwa akinunua mwenyewe kwa kadi ya msaada wa chakula, wakiandamana na bibi wenzake hadi duka la Wanepali, na wakirudi utadhani wanatoka harusini. Sisi wengine tunapika chetu, chenye saumu ya kutosha kumhamisha jirani.

Basi mwezi uliopita ofisi ya msaada ikapiga simu kuhakiki kadi ya mama, na afisa, mama mmoja mpole, akasema mkalimani yuko tayari kwenye laini, bure, mara ikatoka sauti ya kijana akisalimia kwa Kidzongkha, lugha ya serikali ya Bhutan, kwa kuwa kwenye faili imeandikwa mama alizaliwa huko, na nani angemweleza afisa kwamba sisi wa kusini tulifukuzwa kule na Kinepali chetu mdomoni? Mama, ambaye Kidzongkha anachokijua ni kile cha askari wa vizuizi vya barabarani, alijifunika ushungi, akasimama wima, akamjibu yule mtoto wa watu kwamba kitambulisho anacho na kwenye kikapu mna machungwa tu. Tulicheka, hata kijana alicheka, na afisa akaomba tusubiri amtafute mkalimani wa Kinepali, nami, Dada, kwa kiherehere changu nikasema hakuna haja, mwalimu nipo.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, kwamba mama ananunua na kupika chakula chake peke yake au pamoja nasi, nami nikajikohoza, nikaligeuza hivi: mama, wanauliza kama tumetengana jiko. Unajua kwetu neno hilo lilivyo, kutengana jiko ni ndugu waliogombania shamba, ni mzazi aliyetelekezwa, ni kaka anayepita mlangoni kwa kaka yake bila salamu. Mama alinitazama kama nimemletea habari ya msiba.

"Mwambie huyo mama," akasema, "jiko letu ni moja. Mpaka siku mtakayonibeba, ni moja."

Mimi machozi yakinilenga nikatafsiri neno kwa neno, jiko moja, daima na milele, na afisa akashukuru, na baada ya siku chache kadi ikazimwa, kwa maana wanaokula jiko moja huhesabiwa pamoja, na mshahara wangu ukiunganishwa naye hapati kitu.

Sasa chetu hawezi kula, na kuniomba mchele hataki. Nikimnunulia anasema alionao haujaisha, huku namwona anapika kiganja, anasema uzeeni tumbo husinyaa, na juzi wenzake walipompitia kwenda dukani aliwaambia goti linamuuma, ilhali goti hilohilo asubuhi yake lilikuwa juu ya kiti likifuta taa.

Nimeomba tuzungumze tena, na afisa atapiga Alhamisi. Najiuliza, nimwambie afisa kwa Kiingereza kwamba tunapika mbali mbali na nimwambie mama kwa Kinepali kwamba nimesema jiko moja, nani atajua? Au nimwambie mama wazi kwamba bila kutengana jiko hakuna kadi, na mdogo wangu wa Pittsburgh asikie kabla ya wali wa jioni kwamba nimemfukuza mama mekoni? Mke wangu nilipomuuliza aliendelea kumenya vitunguu, akasema, "Baba Roshani, Kiingereza chako hakina shida. Kinachokusumbua ni Kinepali." Sijaelewa alikuwa na maana gani. Nisaidie.

Ni mimi, Mwalimu wa Darasa la Tatu.

*

Mwalimu,

Nimekusoma kwa sauti ileile ya wenye wake wawili, kwa sababu ugonjwa ni mmoja: kumwambia huyu hili na yule lile, ukiomba Mungu wasikutane.

Pole kwanza. Mwana anayelengwa na machozi kwa sababu mama yake amesema jiko ni moja hajapotea, na wengi humu mjini wangemtamani. Lakini mkeo amekuambia yote, nawe ukadhani anamenya vitunguu tu. Afisa aliuliza habari za sufuria. Wewe ukamuuliza mama habari za damu. Ulitegemea ajibu nini?

Jana, barua yako ikiwa mkononi, nilimjaribu mama mkwe wangu, ambaye naye saumu hataki hata kuinusa. Nikamuuliza kama ulivyouliza wewe: mama, tumetengana jiko? Alikwenda chumbani, akashusha begi, akaanza kukunja nguo za kwenda kwa binti yake Texas. Nilimshika miguu, nikamwandalia chai, nikaitupa nikaandaa nyingine iliyo tamu zaidi, ndipo akarudi kitini. Nilipopata pumzi nikamuuliza kwa njia nyingine: mama, mchele wako unautoa wapi, na nani anaupika?

"Mchele wangu nanunua mwenyewe," akasema, "nachambua mwenyewe, napika mwenyewe. Na wewe mwiko wako usiulete huku, nishakuambia."

Akaendelea mpaka chai ikapoa. Nyumba ni ileile na bibi ni yuleyule. Lililobadilika ni swali. Na jibu hilo ndilo analolitaka afisa, wala hamna msiba ndani yake.

Kwa hiyo ule uongo wako wa ndimi mbili uutupe. Si dhambi tu, ni kazi bure, maana ukweli uko upande wa mama yako. Anajinunulia, anajipikia, watu wote wa mtaa wenu ni mashahidi. Jiko la ukoo ni moja na litabaki hivyo. Sufuria ni mbili kwa sababu ya nadhiri yake, na nadhiri ni heshima ya nyumba, si ufa wake. Mwambie mdogo wako maneno hayo leo, mpigie wewe, kabla hajapigiwa na wenye hamu zaidi ya kusimulia.

Alhamisi simu ikiita, neno la kwanza liwe: tunaomba mkalimani wa Kinepali. Sema Kinepali. Usiseme Bhutan, usiseme lugha ya kwetu, na uwaombe warekebishe kwenye faili ili yule kijana wa Kidzongkha apumzike. Wakimleta tena, mshukuruni, msubiri mwingine. Mkalimani ni haki ya mama yako hata kama mwanawe angekuwa profesa, na hapo usikasirike, nimesema angekuwa. Mkalimani atauliza swali kama lilivyo, hana mama humo, hana machozi.

Kazi ya Kiingereza chako ni sentensi moja. Mwambie afisa: mara ya kwanza nilitafsiri mimi, nikalikosea swali. Mwulize pia kama uamuzi ule unaweza kuangaliwa upya. Basi, funga kinywa. Mama akianza hadithi ndefu ya usafi wa mwiko, usimkatize wala usimfupishie. Mkalimani analipwa kwa kazi hiyo.

Na hizi siku za katikati? Usimpelekee mchele kama sadaka, atakufa na heshima yake. Fanya puja nyumbani, ibada ya kuwatolea miungu chakula. Mwambie unahitaji mkono safi wa kupika matoleo, na katika nyumba hiyo, samahani, wako haumo. Nunua mchele, dengu na samli kupita kiasi, na waalike wale bibi wenzake. Mama zetu hukataa kila kitu ila kilichobaki cha puja. Lakini uifanye kweli, usinitapelie miungu kwa ushauri wangu.

Simu ikishaanza, iweke mbele yake na wewe utoke nje, kuna theluji ya kufagia. Kisha Ijumaa niandikie. Sitaki kujua afisa alisema nini wala wewe ulijisikiaje. Mstari mmoja unanitosha: mama kapika nini.