Vibanio vya Maite

Yasna, nimeharibu. Nimeharibu vibaya, shoga.

Unavijua vile vibanio vya nguo ambavyo dada yangu Maite hubania karatasi za muziki akipiga fidla na kikundi chake hapa Llanquihue, kando ya ziwa? Asubuhi nilivichukua nikaanikia nguo yangu ya kuogelea. Nikasahau kurudisha.

Jioni kwenye onyesho ziwa lilikuwa shwari, Maite hata hakuvitafuta. Katikati ya wimbo puelche, ule upepo mkali wa ghafla, ukavuma. Karatasi zote majini. Zote, Yasna. Akabaki na fidla begani, watu wanacheka.

Kiongozi wa kikundi akamuuliza mbele za watu, "Vibanio viko wapi?"

"Nimesahau, maestro. Kosa langu."

Kosa langu, eti. Nami niko safu ya kwanza, kimya.

Sasa niko nyumbani, na huyo Maite anapanda ngazi analia. Nguo ya kuogelea bado inaning'inia dirishani, kwa vibanio vyake.