Hotuba ya Rais wa Amerika na Mama Yetu

Mdogo wangu uliye Mbeya, kamwene.

Hii barua naandika kwa mkono wangu, leo siku ya tatu. Karani alitaka kuniandikia, nikamfukuza. Mimi niliyeua chui kwa mkuki nishindwe na kalamu? Herufi ulinifundisha wewe, kwa mkaa, kwenye mlango wa ghala.

Lakini nimechoka, mdogo wangu. Magoti yamechoka, na moyo pia.

Unaikumbuka siku ile kilabuni Kalenga, tunakunywa ulanzi? Ulikuja na kitabu chako cha ualimu, ukatusomea hotuba ya rais mmoja wa zamani wa Amerika. Watu wake walikuwa wanauana wao kwa wao, naye akawaambia chanzo cha vita ni utumwa, na kila mtu alijua. Nikacheka sana. Nikasema, "Mzungu mwongo huyo! Watu hupigania ng'ombe na ardhi. Sisi tumepigana na kila kabila, na mtumwa hatukuwa naye hata mmoja!"

Ukaniuliza polepole, "Kaka, na mama yangu je? Yeye alikuja hapa kwa harusi?"

Mimi, bingwa wa maneno, nikaokota neno baya: "Kaa chini, mtoto wa mateka!" Ukafunga kitabu. Asubuhi ukapanda lori la Mbeya.

Basi sikia. Yule rais alisema kweli, na hata mimi nilijua. Nyumba nzima tulijua. Baba alimtoa mama yako vitani Usangu, mateka, msichana mdogo, na wake wenzake walimpa chakula wakishashiba wao. Lakini mama yangu alipokufa, ni yeye aliyenibeba mgongoni.

Sasa yuko hoi. Wazee wa ukoo wanasema akifa hawezi kulala karibu na baba, apelekwe bondeni wanakozikwa wapita njia. Nimewaambia atakayechimba huko anizike mimi kwanza. Wananijua, sirudi nyuma. Ila wao ni tisa, mimi mmoja. Wewe, mwanawe wa kumzaa, wakikuona watanyamaza.

Radhi siwezi kuiomba kwa karatasi. Njoo, nikuombe kilabuni, mbele ya wale wale.

Kila asubuhi mgonjwa wetu ananiuliza kama gari la Mbeya limefika. Namwambia bado, mvua imeharibu barabara. Mvua iliisha zamani, mdogo wangu, na uongo nao umeniishia.

Ni mimi kaka yako,
mtoto wake wa kwanza.