Mchezaji wa Akiba

Jumatatu, 3 Machi

Tangi la zamani la kugandishia linastaafu kabla yangu! Tumetangaziwa leo kwenye chai ya maabara. Linavuja baridi, linakunywa naitrojeni kama mlevi — na mimi miezi yote hii nilidhani ni mkono wangu wa kulijaza umezeeka. Jipya lina skrini, lina kengele, linajisemea lenyewe. Nimelichukia palepale.

La zamani liwe tupu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Limebaki na mifuko kumi na miwili ya uboho, yote ya wagonjwa wa saratani ya tezi za limfu wa miaka ile ya mwanzo. Tulikuwa tunawatoa uboho nyongani, tunaugandisha, wanapigwa dawa kali za kuua ugonjwa, halafu tunawarudishia uboho wao wenyewe. Mfuko mmoja unarudi mwilini, wa pili unakaa akiba.

Daktari Haraka (jina nimempa mimi, hatembei, anakimbia) nusura aruke. Utafiti wake ndio huo. Saratani iliyorudi baada ya upandikizaji ilitoka wapi? Ilibaki mwilini? Au ilijificha ndani ya mfuko, tukamrudishia mgonjwa kwa mikono yetu? Zamani tulikuwa na hadubini na macho tu. Mashine yake inaona seli moja mbaya katikati ya laki moja. Mifuko ya zamani kwake ni dhahabu, amesema.

Nimeitikia kwa kichwa. Chai ikapoa mkononi.

Mfuko wa tisa ni wa mdogo wangu.

Jumanne, 4 Machi

Orodha ya mifuko nimepewa mimi niandike. Nani mwingine? Lebo zote ni mwandiko wangu wa usichana, herufi za kulala kulala, nilipokuwa bado najiona msomi.

Miaka kumi na tisa nalijaza tangi hili kila Ijumaa. Mvuke ukipungua nainama, namwona kwenye rafu yake. Nasema tu, za wiki? Basi. Wenzangu wanadhani nasoma kipimo.

Leo nimeandika: Mfuko 9 — lebo haisomeki.

Inasomeka! Inasomeka kuliko ukurasa huu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejichimbia shimo mwenyewe. Daktari Haraka amepita mlangoni mbio, akasema yenye lebo isiyosomeka haiwezi kutumika. Haina mwenyewe, haina wa kutoa idhini. Itapelekwa kwenye tanuri la hospitali, Ijumaa ya tarehe kumi na nne. Akapotea.

Kwa hiyo ama nimchome ama niseme kweli.

Sasa niandike kwa nini naogopa, maana hata humu sijawahi kuandika. Uboho wa mdogo wangu niliukagua mimi. Mkuu wa maabara alikuwa safarini, nami nina miezi saba tu kazini. Nilikaa na slaidi zake, vile vioo vya hadubini, mchana kutwa. Nikaandika, Hakuna seli za saratani. Nikatia saini. Ukarudishwa mwilini. Miezi kumi baadaye ugonjwa ukarudi, na ulivyorudi haukuuliza njia.

Miaka kumi na tisa sijui kama niliupitisha mimi. Mashine ya Haraka itajua kwa siku moja.

Nyumbani tulimwita Redio. Tangu mdogo, hanyamazi. Mimi naosha vyombo, yeye anatangaza kama mpira: dada anachukua sahani, anaizungusha, lo, imemponyoka! Mama anapiga kelele kutoka uani, izimeni hiyo redio. Haikuwa na swichi.

Hata siku ya kurudishiwa uboho hakunyamaza. Ile dawa ya kugandishia ina harufu ya mahindi ya kopo, wodi nzima ilinuka. Amekonda, upara unang'aa, kijiko mkononi ndiyo maikrofoni. Na sasa anaingia uwanjani mchezaji mpya, mabibi na mabwana, ametoka kambini kwenye baridi kali! Muuguzi alicheka mpaka akalazimika kuweka trei chini. Aliuliza kuhusu mfuko wa pili. Nikamwambia huo ni wa akiba. Akasema, basi mwambieni mchezaji wa akiba apashe misuli.

Hakuitwa uwanjani. Ugonjwa uliporudi, mwili haukuwa na nguvu za kuanza upya. Redio alikuwa na miaka ishirini na miwili. Nimemkumbuka leo mpaka mbavu zinauma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaza tangi. Sikumsalimu. Nimeona aibu.

Jumapili, 9 Machi

Kwa mama. Nimemkuta anaanua nguo, tukaanza kukunja shuka, yeye ncha zake, mimi zangu. Nikaona nikisubiri tumalize sitasema. Nikasema hapohapo, shuka katikati yetu. Kwamba mfuko wa pili wa Redio upo. Kwamba haukutupwa. Kwamba namwona kila Ijumaa.

Aliachia shuka.

Nilidhani atalia. Akawaka! "Miaka kumi na tisa! Kila Ijumaa unaenda kumwona peke yako, halafu unakuja hapa kuniuliza kama maji yanatoka?"

Kweli huwa namuuliza kama maji yanatoka.

Alipopoa nikamweleza lile la pili, la saini yangu. Hilo, akasema, analijua. Redio mwenyewe alisoma ile karatasi kwa sauti, wodi nzima ikisikia: kikosi kimekaguliwa na dada yangu wa tumbo moja, hakuna mamluki! Alijisifu siku nzima. Nilikuwa nimesahau kabisa. Au nilijisahaulisha.

Nikamwambia mashine inaweza kusema mamluki walikuwemo.

Akatazama kamba tupu. Nikamuuliza, na ikisema hivyo, mama?

"Sijui, mwanangu. Nitajua siku hiyo."

Nilitaka aseme kitu kingine. Nilitaka sana. Lakini mama hajawahi kunidanganya ili nilale vizuri, na hakuanza leo. Fomu ya idhini atatia saini, yeye ndiye mzazi. Sharti lake moja: amwone kwanza. Halafu akaniambia niokote shuka, imeshaingia mchanga.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesahihisha orodha. Mfuko 9 — lebo inasomeka. Nikampelekea Daktari Haraka mkononi, nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama.

Ameketi! Sijawahi kumwona ameketi. Hakunigombeza. Amesema ataandika maelezo kwa mkuu wa idara kuhusu ule uongo wa orodha, hana namna, na mashine nisiiguse, ataendesha yeye. Kuyeyusha nitayeyusha mimi. Kisha akauliza Redio alikuwa mtu wa namna gani. Nikaanza kueleza, nikajikuta namwigiza, kalamu ndiyo maikrofoni. Tumecheka wote wawili. Yeye ndiye aliyeanza kufuta macho.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tatu asubuhi. Naandika nikiwa maabarani, leo siwezi kusubiri jioni. Mama amefika na nguo yake ya kutokea, na viatu vile vinavyombana. Koti la maabara limemfika vifundoni. Haraka amemwamkia, Shikamoo mama, akamwonyesha pa kutia saini. Mama akasoma fomu yote, mpaka namba ya simu ya chini kabisa.

Nimevaa glavu nene, nimenyanyua mfuko. Mdogo, jamani! Mwembamba kama daftari la shule, umejaa barafu. Mama akasoma jina kwenye lebo. Akasema mwandiko wako ulikuwa mzuri.

Kwenye maji ya vuguvugu, dakika mbili. Barafu ikaachia. Nilipofungua, ile harufu. Mahindi ya kopo. Mama akashika ukingo wa meza, akasema neno moja tu: wodini.

Tone moja, na rangi ya bluu. Seli iliyokufa huinywa rangi, inageuka bluu. Iliyo hai inaikataa, inabaki inang'aa. Nikahesabu mia. Nikarudia.

Sitini na tatu hai. Miaka kumi na tisa kwenye baridi ile, sitini na tatu hai!

Haraka amechukua sehemu yake akakimbilia kwenye mashine. Majibu saa nane.

Saa tano. Mama yuko kwenye hadubini. Kaniuliza zinazong'aa ndizo yeye? Nikamwambia zote ni yeye, ila hizo ziko hai. Akasema aha. Hajaondoa jicho tangu hapo.

Ile rangi ikikaa sana hata zilizo hai huchoka, zinaanza kuinywa. Kwa hiyo namwekea tone jipya kila baada ya muda. Hili ni la nne. Sehemu yangu iliyobaki iko kwenye barafu.

Anamweleza mambo. Taratibu, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. Kwamba paa lilibadilishwa. Kwamba jirani wa ng'ambo alihama. Kwamba kile kiti chake anakikalia yeye mwenyewe sasa, asikasirike. Nimejifanya napanga vichupa.

Halafu, kwa sauti ya chini, yule mama wa izimeni hiyo redio — nimemsikia kwa masikio yangu — "Na sasa anaingia uwanjani..." Hakumalizia. Sikujua kama anajua maneno.

Nimetoka nikalia stoo. Nimerudi.

Saa nane na dakika tano. Mashine imeacha kunguruma. Mlango wa mwisho wa korido umefunguliwa. Ni viatu vyake, navijua.

Anatembea.

Hakimbii. Anatembea polepole, karatasi inasikika mkononi. Anaweza kuwa amechoka tu. Anaweza kuwa anamheshimu mama.

Mama naye amesikia. Amenyanyua jicho kwenye hadubini, mara ya kwanza tangu asubuhi, duara limebaki usoni. Ananitazama. Amesimama, magoti yamelia, amenisogezea kiti.

"Kaa," anasema. "Siku ile ya kukagua ulikuwa unatafuta ubaya. Leo mwangalie ndugu yako."

Haraka amefika mlangoni. Mama amemwinulia kiganja asubiri, na amesubiri.

Tone bado jipya. Naweka kalamu